Kamera Isiyofuta

Jumatatu, 5 Desemba 2005

Ukweli usemwe: Kitengela ina uso kwa sababu yangu mimi, Katee. Kabla nije na kamera mwaka wa 1990, hapa kulikuwa na vumbi, bucha na punda. Watu walikuwepo, lakini nani angejua? Nusu ya vitambulisho vya mji huu viko na picha yangu. Bila picha hakuna kitambulisho, bila kitambulisho hakuna kura, hakuna shamba, pengine hata bibi hakuna. Kwa hivyo huu mji nimeujenga. Wengine walileta tu mawe.

Halafu leo! Roy, mtoto wa dada yangu Evalyne, ambaye nilimpiga picha akiwa bado hana meno ya mbele, amepita studio kuniambia ati harusi yake ya tarehe kumi na saba itapigwa picha na Waweru. Waweru! Wa kutengeneza redio! Amenunua kamera ya dijitali na sasa anatembea ameinua kidevu kama beberu aliyesikia harufu ya mvua.

Nikamuuliza Roy kwani mimi nimekufa. Akasema hapana, Anko, wewe utakuja kama mgeni, ukae, ule. Watu wa kazini wanataka picha za kuweka kwa kompyuta.

Nikae! Nile! Sawa. Nitakula. Lakini lazima nitapiga. Niko na mpango, au nitakuwa nao kufikia Ijumaa.

Jumatano, 7 Desemba

Hakuna mteja. Nimepangusa kamera.

Wacha niandike ukweli juu ya hii kamera, siku moja watu wasome. Ni ndogo, inaingia kwa mfuko wa koti, lakini ukiibeba unajua umebeba kitu. Ukichungulia kile kidirisha chake, katikati kuna doa la rangi kama ya chai ya rangi. Ndani ya hilo doa mtu anaonekana mara mbili: yeye mwenyewe, na mzuka wake kando. Unazungusha pete ya lenzi polepole. Mzuka unasogea, unasogea, unaingia ndani ya mwenyewe. Wakishakuwa mmoja, unabonyeza. Tik. Sauti ndogo, kama mama mzee amekubali jambo kwa ulimi.

Kila mtu huja kwangu akiwa wawili, mimi ndiye ninamuunganisha. Nilimwambia Pasta Lazarus hivyo, akasema nichunge mdomo.

Wateja huwa nawaambia nilipewa na Mjerumani kule Amboseli, akalia machozi kuniachia. Munyiva, bibi yangu, hupenda kuingilia kati na kusema niliinunua kwa fundi wa saa Machakos, na aliyelia ni fundi kwa vile nilivyombana bei. Kulia kulikuwepo. Hilo ndilo la muhimu.

Siku zile Jumamosi palikuwa na foleni! Koti moja lilikuwa kwa msumari, na kitana kimefungwa kwa kamba kisiibwe. Ukiangalia albamu za Kitengela za wakati ule utaona wanaume wote wamevaa koti moja. Mnene, mwembamba, koti ni lile lile, na bado liko kwa msumari. Mtu alikuwa anaoga kwa ajili ya picha. Anakaa wima, anashika pumzi, anangoja. Halafu tunangoja sote, mpaka filamu iishe, mpaka ioshwe Nairobi. Watu wakipita mlangoni wananiuliza: Katee, nimetoka? Nami nawajibu umetoka vizuri sana, hata kabla sijaona. Mtu anaenda nyumbani na furaha ya wiki mbili.

Ya Waweru? Unapigwa, unaonyeshwa hapo hapo, unapiga kelele, unasema futa. Yaani unaweza kufutwa! Yangu haifuti. Mzee Musila wa machimbo ya mawe alifumba macho mwaka wa 1994. Ameshatutoka, Mungu amrehemu, na kwa ukuta bado amefumba. Watoto wake wanaambia wageni kwamba alikuwa anaomba.

Ijumaa, 9 Desemba

Leo nimeenda Kajiado kwa Mzee Parmuat, baba ya Ruth, huyo msichana anaolewa na Roy. Mpango: kama bwana harusi hanitaki, nitaingia kwa mlango wa bibi harusi.

Nikamsalimu supa, akaitikia ipa, Kimaasai changu kikaishia hapo. Kuangalia ukutani, nani naona? Picha yangu! 1993, ndume wake mweupe mwenye nundu. Pembe ziko, mkia uko, kwato zote ziko. Parmuat mwenyewe amesimama kando, amekatwa shingoni. Kichwa hakuna. Nikaanza kutafuta maneno ya kujitetea. Lakini mzee akaniambia hajawahi kuona picha nzuri kama hiyo, mtu mwingine angekata ng'ombe.

Hapo nikajua niko nyumbani. Nikamweleza kwamba kamera ya Waweru haina negativu, na harusi bila negativu ni kama kiapo bila shahidi. Kesho watu wakiuliza kama Ruth aliolewa, tutaonyesha nini? Mzee akafikiri sana, akasema mambo ya kijana ni ya kijana, hawezi kuyaingilia. Lakini ng'ombe ni wake. Akanipa kazi papo hapo: mpiga picha rasmi wa ng'ombe.

Nimekubali. Cheo ni cheo.

Akaniambia jambo lingine, polepole. Ya kanisa ni ya kanisa, lakini msichana wa boma hili akitoka kwenda kwa bwana yake, hageuki nyuma. Mama yake hakugeuka, nyanya zake hawakugeuka. Anayegeuka huwa jiwe. Akasema yeye ameokoka, ndiyo, lakini hilo hatalijaribu na mtoto wake. Hata mama mtu hukaa ndani ya nyumba siku hiyo, asimwone akienda, kwa maana sauti ya mama ndiyo inaweza kumgeuza mtoto.

Nikatikisa kichwa kwa heshima. Kusema kweli nilikuwa naangalia chai. Maziwa matupu!

Ijumaa, 16 Desemba

Mungu yuko! Stima imepotea upande wote wa kina Waweru, na kesho ndiyo harusi. Amekuja barabarani anauliza nani atamchajia betri. Nikakimbia. Nikamwambia ndugu yangu, wivu ni wa wajinga, lete hapa. Aliniangalia kama mtu anayepima mvua. Halafu akanipa, na shukrani juu.

Nimeichomeka nyuma ya studio vizuri kabisa. Swichi sikuwasha.

Sijaharibu kitu cha mtu. Sijafanya kitu, na hapo ndipo utamu wenyewe! Kesho atakuwa anabonyeza sanduku limekufa, na watu watasema: Katee yuko wapi? Nami nitakuwa hapo kando, na ng'ombe, mnyenyekevu.

Jumamosi, 17 Desemba

Betri yake ilikuwa imejaa. Imejaa! Munyiva aliona swichi haijawashwa, akasema maskini Katee amesahau, akawasha. Amenieleza leo ndani ya gari akingoja nimshukuru. Nikamshukuru.

Kanisani Waweru alipiga kila kitu. Alipiga hata viatu. Tukaenda kwa Parmuat, watu wakaimba, nyama ikaanza kuiva, mimi nikashughulika na ng'ombe wangu. Walipita kwa lango la boma mmoja mmoja kama watu wa kwaya, na mimi nikawapiga, mpaka filamu ikabaki na picha moja.

Saa ya Ruth kutoka ikafika. Wazee wakambariki kwa maziwa na nyasi mbichi. Mama Ruth, Lorna, akamshika mashavu, akaingia ndani, akafunga mlango. Roy akatangulia. Ruth akaanza kutembea kuelekea langoni, shanga zote mwilini.

Na Waweru alikuwa wapi? Chini ya mti, amezungukwa na mashemeji, vichwa vyote juu ya kile kioo chake kidogo. Wanaangalia meno yao wenyewe walivyokuwa wakila! Futa hiyo! Rudisha ile! Hebu nione kama nimenona! Bibi harusi akapita nyuma yao, hawakumwona.

Niliyemwona ni mimi. Pete ya lenzi ilikuwa imebaki pale pale kwa lango, tangu ng'ombe wapite. Nikachungulia. Ruth alikuwa wawili, akatembea, akawa mmoja. Lakini mgongo! Miaka kumi na tano kazini, nani amewahi kununua picha ya mgongo? Mdomo ukafunguka wenyewe.

Nikaita: Ruth! Hebu geuka kidogo, mama! Tabasamu!

Ng'ombe wenyewe walinyamaza. Ruth akasimama, mguu mmoja mbele. Mkono wake ukashika nguo, ukaikunja. Kila mtu aliona ile shingo ikikaza. Ndani ya nyumba kitu kikaanguka, kama sufuria. Parmuat akainuka kwenye kiti chake. Afadhali angenitukana. Aliyenitukana ni mama yake, Koko, ambaye huinuliwa na watu wawili. Leo aliinuka bila msaada, akaja na fimbo yake, akitoa maneno ya Kimaasai ambayo hakuna mtu amekubali kunitafsiria.

Na hapo hapo, kwa utulivu wa mtu anayejua kazi yake, picha ikapigwa. Tik.

Ruth akavuta pumzi. Akaendelea. Hakugeuka. Akapita lango, akaingia kwa gari.

Waweru akainua kichwa akauliza kumeendaje.

Nyama sikuonja. Dada yangu Evalyne, tumbo moja, aliniambia nikae karibu na tairi ya gari mpaka twende. Roy hakuniita Anko. Alisema "huyu mtu".

Jumatano, 21 Desemba

Filamu imerudi. Kwa kawaida huwa naifungua bahasha nikiwa barabarani. Leo niliiweka mezani, nikafagia studio kwanza.

Ng'ombe wametoka vizuri, na ni wengi. Halafu ile ya mwisho.

Nilikaa chini. Sijui niiandike namna gani. Ni mgongo wa Ruth, na lango mbele yake, na nchi yote ya Kajiado ikiwa tupu mbele ya lango. Kila ushanga unaweza kuuhesabu. Nyasi ile ya baraka imening'inia begani. Na ule mkono umekunja nguo, umeikunja kabisa, kama mtu ameshika kamba ya ndoo kisimani.

Kabla sijaamua nitaificha wapi, Lorna akaingia. Alikuwa amekuja Kitengela sokoni. Nilifikiria kutokea nyuma, lakini studio yangu haina mlango wa nyuma. Hakukaa. Alisema amekuja kuniambia kile nilichotaka kufanya. Alisema alisikia nyayo za mtoto wake zikisimama, na yeye yuko ndani, na akauma shuka lake ili asitoe sauti.

Nikampa hiyo picha ili tu aache kuniangalia.

Akaiweka karibu, akaiweka mbali. Akauliza kama hilo ni lango lao. Akauliza kama huo ni mkono wa Ruth. Kisha akasema, chini chini, kumbe hivi ndivyo tunavyoondoka.

Yeye alitoka kwa baba yake upande wa Kona Baridi, hakugeuka, mama yake akiwa ndani vile vile. Hakuna aliyemwona kwa niaba ya mama yake. Akauliza kama Waweru anayo hii. Nikamjibu kwamba Waweru ana meno. Akacheka, halafu kicheko kikageuka kuwa kitu kingine, na mimi nikaangalia lile koti kwa msumari.

Alienda nayo chini ya shuka. Hakusema asante. Alisema tu Koko bado anangoja mbuzi wa kuomba msamaha, na asiwe mwembamba.

Ijumaa, 23 Desemba

Simu tangu asubuhi! Kila shangazi wa Kajiado anataka nakala. Roy ameniita Anko mara mbili. Parmuat ametuma salamu kwamba ng'ombe pia wametoka sawa.

Hata Waweru alikuja, akaomba kushika kamera. Akachungulia kwa kidirisha, akazungusha pete, akaizungusha tena. Akasema hii inakulazimisha ukae na mtu. Nikaichukua mkononi mwake haraka kabla hajaipenda.

Sasa niko na mpango mpya, mkubwa kuliko wote. Nakhumicha wa saluni anafunga ndoa tarehe thelathini na moja, na nimempata kabla ya Waweru. Anasema atarembwa uso na mtu wa kutoka Nairobi. Nimemwambia uso ni mambo ya dijitali, mimi siku hizi napiga migongo. Hajaelewa, ataelewa. Kibao kiko tayari: KATEE STUDIO, MTAALAMU WA MIGONGO. Akifika mbele ya pasta nitapiga ukelele wa ghafla, bado sijaamua wa kusema nini. Ukelele ndio unanyoosha mgongo, nimechunguza. Munyiva ameniuliza kama katika haya yote kuna neno hata moja nimesikia. Nimemjibu nimesikia yote, ndiyo maana nanunua filamu mbili.

Watu wananiuliza nilijuaje ile sekunde yenyewe. Nawaambia ni pumzi, ni miaka, ni kidole chepesi kama unyoya. Lakini hapa naweza kuandika, maana mwandiko wangu hakuna anayeusoma: sikubonyeza. Nilikuwa nimefumba macho, nimekunja mabega, nikingoja kipigo. Fimbo ya Koko ilinipata kwa kiwiko, na kidole kikafanya kazi peke yake.