Watu Sita wa Nyumba Namba Arobaini

Jumatatu, 6 Mei

Nimepata kazi. Si kazi hasa. Ni majaribio ya wiki tatu, bila cheo wala kiti. Shirika la maendeleo ya jamii, chumba kimoja juu ya duka la dawa. Dirisha halifungiki. Mvua ikinyesha, meza inahamishwa. Wanataka ofisa mmoja wa mtaa, tumeitwa wawili. Wa pili ni msichana niliyesoma naye sosholojia chuoni. Tulimwita Daftari kwa sababu aliandika kila neno la mwalimu, hata kikohozi chake. Mimi niliazima madaftari yake kila mtihani ulipokaribia. Kwa hiyo tulichojifunza ni kilekile, ila yeye alichoka zaidi.

Shangazi, ninayeishi kwake, aliuliza ofisa wa maendeleo ya jamii hufanya nini. Nikamweleza: anaichunguza jamii, anabaini mahitaji yake, anawaunganisha wananchi na huduma. Akauliza kama ndiyo hiyo sosholojia niliyosomea. Nikasema ndiyo hasa, elimu ya watu. Akasema ni ajabu, maana tangu nihamie kwake hajanisikia nikimsalimia jirani hata mmoja. Mambo ya nadharia yana wenyewe.

Jumatano, 8 Mei

Bosi ni mama mmoja mkavu, miwani yake inaning'inia kwenye kamba, hacheki. Ameugawa mtaa wa mlimani mara mbili: nyumba sitini zangu, sitini za Daftari. Kila nyumba fomu moja. Wakazi wangapi, nani mgonjwa, nani haendi shule, wanahitaji nini kwanza. Muuguzi wa zahanati atapanda baadaye, na ataingia tu kwenye nyumba zilizoandikwa wagonjwa. Hana muda wa kupita kwingine. Bosi alilirudia hilo mara mbili.

Nyumba ya kwanza nilipokewa na mbwa. Ya pili, mzee mmoja alinishikilia saa nzima na habari za bomba lililopasuka. Ya tatu nikaambiwa nirudi mwenye nyumba akiwepo. Nusu siku imekwisha: fomu moja imejazwa, suruali moja imechanika. Kwa mwendo huu nitamaliza nikiwa na mvi.

Nilimwona Daftari ameketi kizingitini na mama mmoja, wanakunja nguo. Hana hata kalamu mkononi. Nikamwonea huruma. Huo si utafiti, huo ni udobi.

Alhamisi, 9 Mei

Wazo! Mwalimu wetu alifundisha kwamba watu wa hali moja huishi maisha yanayofanana. Basi aliyeona nyumba tatu ameziona zote. Ya nini kumaliza soli?

Nimejifungia chumbani baada ya chai. Fomu hamsini na tisa. Kalamu tatu za rangi tofauti, na sahihi nyingine nimeweka kwa mkono wa kushoto. Wakazi wanne, watano, watatu. Hapa na pale mjane. Wagonjwa nimewaweka wa mafua tu, nisimchoshe muuguzi. Mahitaji: kiwanja cha mpira. Nani asiyependa mpira? Kufika namba arobaini mkono ulikuwa umekufa ganzi, nikaandika: wakazi sita, wote wazima, wana furaha. Nilijisikia kama nimewaumba.

Shangazi alibisha hodi akitaka kujua mbona siendi kazini. Nikamwambia niko mtaani kitaalamu. Akaguna.

Jumatatu, 13 Mei

Nimewasilisha fomu sitini. Daftari, ishirini na nne! Bosi alizipima zangu kiganjani kama mtu anayenunua samaki, akauliza nimewezaje. Nikasema ni mbinu. Daftari akaeleza kwa sauti ya chini kwamba zake zinachelewa kwa sababu watu hawasemi yaliyo moyoni siku ya kwanza. Siku ya kwanza wanasema bomba. Siku ya tatu ndipo unaonyeshwa bibi aliyelazwa chumba cha ndani. Nikatikisa kichwa kwa masikitiko, kama daktari.

Lakini Bosi alimtazama yeye muda mrefu kuliko alivyonitazama mimi. Sikulipenda jambo hilo.

Jumatano, 15 Mei

Mkosi. Bosi amezisoma fomu. Amesema hajapata kuona mtaa wenye mafua mengi namna hii, unaotaka mpira kwa kauli moja, wakiwemo wajane tisa. Hakunituhumu. Amesema tu kwamba kesho Daftari atapita kwenye baadhi ya nyumba zangu, ahakikishe.

Nilimkimbilia Daftari kwenye ngazi, nikamsihi anifichie siri, kwa heshima ya chuo tulichosoma wote. Akaniuliza kama niliwahi kufika hata namba kumi. Nikamwambia swali hilo lina upendeleo, halikubaliki kwenye utafiti. Akashuka zake bila kuaga.

Ijumaa, 17 Mei

Sijui niandikeje.

Namba arobaini hakuna watu sita. Yuko fundi viatu mmoja, mzee, peke yake. Ana kisukari. Mwezi uliopita alichomwa na msumari unyayoni, mguu ukavimba, akashindwa kuteremka mlima. Jumanne muuguzi alipanda na orodha yangu. Akaingia namba thelathini na tisa kutafuta mafua ambayo hayakuwepo, akapita mbele ya mlango wa arobaini, akaendelea. Hakuwa na sababu ya kubisha. Niliandika wana furaha.

Daftari ndiye aliyembaini jana. Anasema harufu ilimfikia kabla hajagonga. Wanaume wanne walimteremsha juu ya kitanda chake.

Leo wamemkata mguu, chini ya goti. Daktari amesema angeletwa wiki moja mapema, huenda vingeondoka vidole tu. Wiki moja mapema ni ile Alhamisi. Nimehesabu mara tatu kwenye kalenda ya jikoni. Ni ile Alhamisi.

Sikula. Shangazi akauliza naumwa nini. Nikasema mafua.

Jumapili, 19 Mei

Nimekwenda hospitali. Nilikuwa na sababu mbili, na nitaziandika zote kwa kuwa humu hasomi mtu. Ya kwanza, kumpa pole. Ya pili, mfukoni nilikuwa na karatasi isemayo kwamba tarehe tisa nilimtembelea nyumbani nikamkuta mzima. Ilibaki sahihi yake tu.

Kitanda cha mwisho, karibu na dirisha. Shuka limelala bapa pale ambapo mguu ungekuwepo. Chini ya kitanda kuna kiatu kimoja, kimepigwa rangi, kinang'aa. Nikamwamkia, nikajitambulisha. Akaitikia, akanitazama kwa utulivu. Daftari alikuwa ameshamweleza mimi ni nani.

“Mwanangu, uliniandika watu sita,” alisema. “Hao watano walikuwa wapi? Ningemtuma hata mmoja akaniitie mtu.”

Hakusema kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli. Karatasi ikabaki mfukoni. Kisha yeye akauliza kama kiatu changu cha kushoto kinaingiza maji, maana amekisikia nilipokuwa naingia. Nikakubali. Akasema soli imeachia, nimpelekee akitoka.

Nje, nilikaa ukutani nikalia kidogo. Watu walipita wakidhani nimefiwa, mmoja akanipa pole. Nikaipokea. Kisha likanijia wazo kwamba pengine hana miwani pale wodini, na mtu asiye na miwani hutia sahihi bila kusoma. Nikalifukuza. Nadhani nililifukuza.

Jumanne, 21 Mei

Bosi ameniita. Kazi amepewa Daftari. Mzee wa namba arobaini ameshafanyiwa mpango wa magongo ya kutembelea, na Daftari anawazungukia majirani wapange zamu ya kumpikia. Hayo ndiyo maendeleo ya jamii, inaonekana: zamu.

Nilijua nafukuzwa. Nilikuwa nimeandaa hotuba fupi kuhusu kasoro za mfumo. Bosi hakunipa nafasi. Aliweka mbele yangu fomu sitini tupu.

“Mlango kwa mlango, kwa miguu yako,” alisema. “Ukimaliza, njoo tuzungumze. Yule mzee amekuombea msamaha.”

Nilitarajia matusi, hayo ningeyaweza. Daftari akanisindikiza hadi chini, akanishauri nisianze na fomu, nianze na salamu. Sikuona kejeli usoni mwake, nami nilitafuta sana. Shangazi naye akanikumbusha kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimeapa mbele yake. Yule mimi wa zamani amekufa. Nahisi kabisa kifuani, upande wa kulia.

Ijumaa, 24 Mei

Nimepita nyumba tatu. Salamu kwanza, kama nilivyoelekezwa. Salamu zinakula muda mno! Mtu ukimuuliza hali, anakueleza. Jua kali, magoti yanalia, na mlima haujapungua hata hatua moja.

Nyumba ya nne ni ya mama muuza mkaa. Amekaa mtaa huu miaka thelathini. Anamjua kila mtu: nani kaamka na homa, nani kagombana na mkwewe, mtoto wa nani kaacha shule. Hapo ndipo macho yangu yalipofunguka, nikaliona kosa langu. Kosa halikuwa kujaza fomu nimekaa. Kosa lilikuwa kuzijaza nimekaa bila chanzo. Kitaalamu mtu kama huyu anaitwa mtoa habari mkuu, na chuoni tulifundishwa juu yake somo zima. Nashangaa Daftari hakulikumbuka hilo. Ndiyo maana anatembea mpaka leo.

Nimemwomba aketi nami anieleze nyumba zote hamsini na sita zilizobaki. Amekubali kwa moyo mkunjufu, ila ametoka kwenda kupokea mzigo, nimsubiri. Nimekaa barazani kwake. Kivuli kizuri, upepo kidogo, fomu zimepangwa mapajani.

Anachelewa. Kwa hiyo nimeanza kumjibia, nimpunguzie usumbufu.