Oili ya Marubani

Mtu aliyenunua kitu cha bei nafuu hubeba kidonda kidogo moyoni. Hukigeuzageuza kitu chake mkononi, hukinusa, humuuliza jirani: hivi nimepatia au nimepigwa? Na Mhandisi, ambaye tangu azaliwe hajawahi kukaza hata nati ya kitanda, alikuwa na pua ya kunusa kidonda hicho akiwa upande wa pili wa barabara.

Cheo cha uhandisi alijipa mwenyewe, siku ileile aliyojipatia koti jeupe. Mfukoni mwa koti zilichomoza kalamu tatu, mbili zikiwa zimekauka wino. Hazikuwa za kuandikia.

Asubuhi hiyo alikuwa ameegesha pikipiki mbele ya duka la magodoro alipozisikia kelele tamu kutoka kijiwe cha madereva wa pikipiki. Katoni nne za oili zilikuwa zimeshushwa nje ya banda la fundi wao, na madereva kama kumi wamezizunguka kama mawifi wanaokagua bibi harusi.

"Lakini mbona bei yake iko chini hivi?" aliuliza mmoja.

"Ni oili ya kawaida, ndugu yangu. Si zile za maabara."

"Kawaida ndiyo nini? Hata kichocho ni ugonjwa wa kawaida."

"Tumenunua kwa pamoja ili iwe nafuu. Ulitaka iwe ghali ndiyo ulale vizuri?"

"Mimi nasema tu. Injini yangu ikifa, watoto watakula hiyo nafuu?"

Mhandisi akafumba macho kidogo, kama mtu anayesikia wimbo anaoupenda. Akazitazama katoni mbili zilizofungwa nyuma ya pikipiki yake, akacheka peke yake.

Hapa inafaa tuseme kweli, kwa kuwa yeye hatasema. Pikipiki haikuwa yake. Ilikuwa ya mama mkwe wake, mfuga kuku, aliyemkabidhi ufunguo kwa masharti mawili: irudi kabla ya adhuhuri, kwa sababu kuna hoteli inasubiri mayai, na irudi nzima. "Ikija na kikohozi tu," mama mkwe alisema, "utafute pengine pa kutundika hilo koti." Mhandisi na mkewe walikuwa wanaishi chumba cha nyuma cha mama huyo. Kwa muda tu. Huu ulikuwa mwaka wa nne.

Katoni mbili nazo alizipata kwa mwenye gereji ya magari aliyekuwa anafunga kazi. Walibadilishana na televisheni isiyowaka. Oili ilikuwa mpya, safi, ya magari. Mhandisi alibandua lebo zake na kubandika nyingine za rangi ya dhahabu, zenye picha ya ndege na maneno OILI YA MARUBANI. Tumpe haki yake: kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa anauza kitu halisi. Uongo ulikuwa kwenye karatasi tu, na karatasi ni nyepesi, dhambi yake itakuwa na uzito gani?

Akavuka barabara.

"Poleni sana, ndugu zangu," alisema kwa sauti ya msibani.

"Pole ya nini?" aliuliza mwenyekiti wa kijiwe, bwana mnene waliyemwita Kipaza kwa sababu hata akinong'ona mtaa mzima unasikia.

Mhandisi akainua chupa moja kutoka kwenye katoni yao, akaitikisa, akaiweka sikioni. Akatikisa kichwa.

"Mmesikia?"

"Hatujasikia kitu!"

"Ndiyo maana nimesema pole. Oili nzuri huongea."

Akawapa somo. Akawaambia oili ya kawaida inatoka ardhini kama ilivyo, na kinachotoka ardhini hutamani kurudi ardhini, ndiyo maana inavuja. Akawaambia kuhusu chembe. Akawaambia kuhusu joto la injini, akitaja tarakimu ndefu ambazo hakuna aliyethubutu kumuuliza zilipimwa na nani. Kisha akafungua katoni yake, dhahabu ikameta juani, na shingo kumi zikarefuka kwa pamoja.

"Ya ndege hiyo?" aliuliza yule mwenye hofu ya injini.

"Umewahi kuona ndege imesimama angani, rubani ameshuka, anapiga kiki?"

"Hapana."

"Basi."

"Bei gani?" Kipaza alinguruma.

Mhandisi akamwangalia kwa huzuni. "Mwenyekiti, mimi sitaki hela."

Neno hilo lina nguvu kuliko dawa ya usingizi. Mkimsikia mtu analitamka, shikeni mifuko. Wao walisogea karibu zaidi.

"Nitafanya kosa la kibiashara," aliendelea, "kwa sababu nimewahurumia. Nipeni hizi zenu mbili, niwape yangu moja. Hizi nitakwenda kuziteketeza kitaalamu."

Katoni nne za oili njema ya pikipiki, kwa katoni mbili! Alikwishampata mnunuzi ng'ambo ya mlima. Moyoni alikuwa ameshampelekea mama mkwe pikipiki yake, na kitenge juu.

Hapo ndipo fundi alipotoka bandani. Alikuwa mwanamke wa makamo, mikono ya shati imekunjwa hadi kiwikoni, spana imechomekwa mkandani kama upanga. Kijiwe kizima kilimwita Shangazi. Hakumwangalia Mhandisi. Aliiangalia pikipiki, akainama, akaitazama nati ya kumwagia oili kama mtu anayesoma barua aliyoiandika mwenyewe.

"Shikamoo, Shangazi," Mhandisi alisema.

"Marahaba, mwanangu. Pikipiki nzuri. Nayo inakunywa hii ya marubani?"

"Miaka miwili, Shangazi! Haijaonja nyingine."

"Miaka miwili."

"Na ushei."

"Na ni yako?"

"Ya jasho langu."

Shangazi akafuta mikono kwa kitambaa, taratibu, kidole kimoja kimoja. "Basi mimi nimekubali. Tatizo ni hawa wenzangu, vichwa vyao vimejaa mchanga. Mpishi huonja kwanza. Tumwage iliyomo, tuweke mpya mbele yao, uzunguke mtaa, nao waamini."

Mhandisi hakuona ubaya. Oili si mpya? Si safi? Akakubali haraka, asije akaonekana anafikiri.

Nati ikafunguliwa, oili ikatiririka kwenye beseni ikiwa bado na rangi ya asali.

"Mmeona!" Mhandisi aliruka. "Miaka miwili, na bado inang'aa hivyo!"

"Maajabu," alisema Shangazi, akaimimina oili hiyo kwenye chupa safi na kuiweka ndani. Akarudi na chupa ya dhahabu, akajaza, akapima kwa kijiti, akafunga. "Haya, zunguka. Mara tatu. Sisi tutakufungia mzigo."

Mhandisi akazunguka mtaa, koti likipepea nyuma kama bendera. Mara ya kwanza aliwapungia mkono wauza magodoro. Mara ya pili aliachia usukani mkono mmoja. Mara ya tatu alifikiria kuongeza cheo, awe Mhandisi Mkuu. Aliporudi, katoni nne zilikuwa tayari. Akainua ubavu wa moja, akaona vifuniko vyekundu vilevile na lebo zilezile. Akaridhika. Mwizi huwa hakagui sana. Akikagua sana atafanana na mteja.

Wakamfungia mzigo kwa mpira. Kipaza akamshika mkono kwa mikono miwili.

"Mungu akuzidishie, Mhandisi!"

"Pitia njia ya mlimani," Shangazi alimshauri. "Ni fupi."

"Ndiko niendako, Shangazi."

"Najua," alisema Shangazi.

Mlima wenyewe si mrefu. Watoto huupanda wakirukaruka. Mhandisi aliuanza kwa gia ya tatu, akashuka ya pili, na katikati ya mlima jambo la ajabu likaanza. Alivuta mafuta, injini ikapiga ukelele, lakini pikipiki haikuongeza mwendo. Akavuta zaidi. Injini ikalia kama mbuzi aliyeona kisu, na pikipiki ikatambaa kwa utulivu wa kinyonga. Akaweka gia ya kwanza. Kelele zikawa za mashindano, mwendo ukawa wa mazishi.

Bibi mmoja mwenye ndoo ya nguo kichwani akamfikia, akatembea naye sambamba.

"Mwanangu, kelele zote hizi, unauza nini?"

"Siuzi kitu, bibi!"

"Haya," alisema bibi, akampita.

Pikipiki ikasimama kabisa, injini ikiendelea kuimba. Mhandisi akashuka, akasukuma hatua mbili. Mpira wa mzigo ukalegea, katoni ya juu ikaanguka, chupa moja ikapasuka barabarani. Kilichotoka kilikuwa cheusi. Cheusi tii, kizito, kinanuka moshi. Akafungua ya pili. Nyeusi. Ya tatu. Nyeusi kama masizi ya chungu. Jua lilikuwa linazidi kupanda kuelekea utosini.

Nyuma yake zikasikika pikipiki mbili zikipanda mlima bila shida yoyote. Ya kwanza iliendeshwa na Kipaza. Ya pili iliendeshwa na Shangazi, sanduku la vifaa mbele yake.

"Mhandisi!" Kipaza alinguruma hadi ndege wakaruka mitini. "Umeshapaa?"

Mhandisi alijaribu kukunja uso wa hasira. "Mmeniwekea oili chafu!"

"Sisi kila tukimaliza chupa mpya, huijaza ile chafu tuliyomwaga, na kuipanga stoo," Shangazi alisema. "Seremala huichukua, hupaka nguzo zisiliwe na mchwa. Nawe si ulisema unakwenda kuziteketeza kitaalamu? Tukaona tusikupe kazi ya kuchoma nzuri."

"Na pikipiki? Mmeifanya nini pikipiki yangu?"

"Ya Mama Mayai," Shangazi alimsahihisha. "Wiki iliyopita niliibadilisha oili kwa mikono hii. Oili ya kawaida, ya pikipiki, ya bei nafuu. Halafu unakuja kuniambia haijaonja nyingine miaka miwili. Mwanangu, ukiiba mbuzi, usimpeleke kwa aliyemzalisha."

Mhandisi akaegemea tangi la pikipiki.

"Oili yako haina kosa," Shangazi aliendelea, akichuchumaa kufungua vifaa. "Ni nzuri mno, kwa gari. Lakini klachi ya pikipiki inaogelea ndani ya oili hiyohiyo ya injini. Zile za gari zina dawa ya kuteleza. Klachi ikiteleza, injini inakimbia, tairi halina habari. Ukiwa huna mzigo kwenye barabara ya tambarare hutajua. Ukibeba mzigo mlimani utajua."

"Kwa hiyo ulijua nikija huku..."

"Wewe ulikuwa unakwenda, mimi nikakuonyesha njia."

"Na katoni zangu?"

"Wenye teksi wako bandani sasa hivi, wanagombania," Kipaza alisema kwa furaha. "Tumewaambia ni ya gari. Ukweli mtupu! Wameipenda hata hiyo picha ya ndege."

Mhandisi akalitazama jua. Akilini akamwona mama mkwe amesimama mlangoni na trei za mayai. Akaliona koti lake limetundikwa kwenye mti.

"Shangazi," alisema, na sauti ya msibani sasa ilikuwa yake kweli, "nisaidie. Nikichelewa sina pa kulala."

"Klachi inataka kufunguliwa, sahani zisafishwe, iwekwe oili ya kawaida. Nimekuja nayo chupa moja. Bei yake nafuu kabisa."

"Kiasi gani?"

Shangazi akamkagua kuanzia viatu hadi kola. "Hilo koti."

"Koti? Shangazi, hili ndilo kazi yangu!"

"Na sisi ulitaka kutuulia injini. Injini ndiyo kazi yetu."

Akalivua. Alitoa kalamu kwanza, akafikiri, akazirudisha mfukoni, maana hakukuwa na pa kuzichomeka. Shangazi akafanya kazi palepale kando ya barabara, Kipaza akimshikia vifaa, na Mhandisi akikusanya chupa za seremala na kuzifunga kwenye pikipiki ya mwenyekiti. Kazi ilipokwisha, Shangazi akalivaa koti. Lilimkaa vizuri ajabu.

"Mama Mayai simwambii mimi," alisema. "Utamwambia mwenyewe."

Adhuhuri haijaingia, Mhandisi aliingia uani kwa shati la ndani. Pikipiki ilikuwa inanguruma taratibu kama paka aliyeshiba. Mama mkwe alikuwa mlangoni kweli, trei zimefungwa tayari. Aliinama, akachomoa kijiti cha oili, akakitazama juani.

"Oili hii haijatembea hata siku moja," alisema. "Fundi alibadilisha wiki iliyopita. Kwa nini imebadilishwa tena? Na koti liko wapi?"

Mhandisi akaita uongo. Miaka yote hiyo ulikuwa unakuja wenyewe, kwa makundi, ukipanga foleni ulimini mwake. Leo haukutokea hata mmoja. Akaangalia mayai, akaangalia mlango wa chumba cha nyuma.

"Nimetapeliwa, mama."

Bega moja la mama mkwe likaanza kutikisika, likafuata la pili, na ghafla akawa amejishikilia ukutani, anacheka mpaka kuku wakakimbilia bandani mwao. Alifuta machozi kwa ncha ya khanga, akampa trei ya kwanza.

"Peleka mayai, baba, hoteli wanasubiri," alisema akipumua kwa shida. "Nimekuvumilia kwa mengi. Lakini uongo huo, eti wewe umetapeliwa, mkwe wangu, usiurudie tena."