Mama Yangu na Nyumba Isiyo na Ngazi

Ndugu Mhariri,

Salamu kwako na kwa wote mnaovumilia hasira zangu kila mwezi.

Mwandishi wako wa makazi alidai Jumapili iliyopita kwamba "wazee hawana sauti katika soko la nyumba." Uongo mtupu! Sauti wanayo, tena nimeisikia ikiniita kutoka chini ya ngazi. Ni ya mama yangu, mkunga mstaafu wa miaka sabini na sita: "Baba, funga vitabu vyako. Nyumba nimeuza."

Mimi nina miaka hamsini na nne. Naishi ghorofani kwake kwa muda tu, tangu ndoa yangu ilipovunjika. Huu ni mwaka wa kumi na moja. Malalamiko yangu ni haya:

1. Hakunishauri. Nilipouliza sababu, alinionyesha magoti. Nikampa hoja saba na wanafalsafa watatu. Akauliza, "Hao walipanda ngazi hizi?"

2. Dalali alinipita mlangoni kama mwavuli uliosahauliwa, akamwamkia mama: "Shikamoo, mama. Siku hizi mnaochagua ni ninyi, sisi tunafuata." Kisha akanigeukia: "Kijana, tupishe kidogo." Nakiri kwamba hilo neno "kijana" lilinifurahisha. Nikawapisha.

3. Mtaa mpya anakohamia wote hauna ghorofa wala vizingiti. Mama na jirani yake mtarajiwa, mshona nguo mstaafu, walimfanya fundi abomoe ukuta mara mbili kwa kuwa kiti cha magurudumu cha jirani huyo hakikukata kona vizuri. Na milango ni ya kuteleza! Mhariri, tangu darasa la sita namaliza mijadala ya nyumbani kwa kubamiza mlango. Huu haubamiziki. Nilijaribu. Ulijifunga taratibu, huku mama akinitazama mpaka mwisho.

4. Hili ndilo linaloniuma zaidi. Fundi alipogoma kuweka vyuma vya kushikilia bafuni, mama alitoa mkobani kipande cha gazeti lako cha miaka tisa iliyopita: "Nyumba isiyomjali mzee ni jela yenye mapazia. Wazee, msiombe, agizeni!" Fundi akanywea. Makala ile niliiandika mimi. Sikujua kama kuna mtu aliwahi kunitii, sembuse mama.

Kwa hiyo naomba itungwe sheria: mzee asiuze nyumba ambamo mtoto wake aliyevuka hamsini bado anatafakari. Chumba alichonitengea huko nakikataa katakata, maana kina rafu mbili tu.

Wasalimie wachapaji, mlinzi wa getini, na hata huyo mwandishi wa makazi.

Wako katika mapambano, na ghorofani kwa siku nne zilizobaki,

Mpangaji wa Mama

Tanbihi: Jana nikishusha sanduku la kwanza la vitabu, mgongo ulinikatalia katikati ya ngazi. Mama akapanda kunifuata, akipumzisha goti kila hatua. Miaka kumi na moja ananipandishia chai, na jana ndipo nilipoona kwamba ukuta wa ngazi zile hauna hata msumari wa kushika. Mhariri, futa ombi la sheria. Nanyi wasomaji vijana mlioniandikia kwamba mko nyuma yangu, njooni Jumamosi asubuhi, masanduku yako thelathini na nane. Vitabu vya kujaza rafu mbili niachieni. Vingine bebeni, ni vyenu.