Katibu, Fundi Friji na Rundo la Njia Panda

Jumatatu, 3 Machi

Habari kubwa! Mwalimu Mstaafu, mwenyekiti wetu wa umoja wa wakazi, anahama mwezi ujao kwenda kuishi kwa binti yake. Katangaza kikaoni leo, machozi yakimlengalenga. Na mimi yalinilenga, ya furaha. Uchaguzi ni Jumapili hii hii. Miaka sita nimekuwa katibu. Miaka sita nimeandika kila aliyesema na kila aliyekohoa. Kiti ni changu. Cha nani mwingine?

Mshona nguo wa kona akanyoosha mkono, akampendekeza Fundi Friji. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Fundi Friji! Mtu aliyehamia mtaani juzi tu, hajamaliza hata miezi minane. Mwenyewe akainamisha kichwa, akasema hastahili. Nawajua hao wanaojidai hawastahili. Lilipotajwa jina langu (nililitaja mwenyewe, kuokoa muda) alipiga kofi mtu mmoja, na nadhani alikuwa anaua mbu.

Jumanne, 4 Machi

Nimeamka na donge rohoni. Mke wangu anamtaja Fundi hata akikoroga chai. Fundi kamtengenezea mshona nguo friji bure. Fundi kaziba bomba la jirani. Fundi ana sauti ya upole. Nikamuuliza mimi nina sauti gani. Akasema chai inapoa.

Dawa nimeipata! Kanuni mpya: mgombea awe ameishi mtaani si chini ya miaka mitano. Nikamkimbilia Mwalimu nayo, bado nimevaa ndara. Akafungua daftari la mihtasari, akanionyesha kanuni iliyopo: mkazi wa mwezi mmoja anaruhusiwa kugombea cheo chochote. Mwandiko wangu. Mwalimu akanikumbusha kwamba wakati naipigania nilikuwa na wiki tano mtaani. Nimerudi nyumbani nimenywea.

Jumatano, 5 Machi

Rundo la taka la njia panda limefika usawa wa dirisha la mshona nguo. Wateja wake wanapimwa nguo huku wameziba pua. Gari la halmashauri halijawahi kuingia mtaa huu tangu niwe katibu. Kila mwaka napeleka fomu, kila mwaka hawaji. Wazembe wakubwa. Leo Fundi Friji kashauri tujaribu tena, na wote wakasema hilo ndilo wazo. Wazo langu! La miaka sita!

Fomu hupelekwa na katibu, basi nimekwenda. Karani wa dirisha namba tatu, mama mwenye miwani ya kamba, akaniambia nisiache nafasi hata moja wazi. Nikafika pale wanapotaka namba ya simu ya mtu wa kupigiwa. Hapo ndipo shetani, au pengine malaika, aliponigusa bega. Nikaandika namba ya Fundi Friji.

Sababu ninayo. Ukiwaandikia namba yako hao, amani kwaheri. Namba ngeni asubuhi. Namba ngeni unakula. Namba ngeni umejinyoosha kidogo mchana. Mimi nilishazikusanya zote kwenye simu yangu kwa jina moja, "Wasumbufu", wala sipokei. Sasa acha Fundi naye aonje. Asumbuliwe, achoke, na gari lisije. Jumapili nitasimama mbele ya watu niseme kwa masikitiko: alipewa kazi moja tu. Nimeshafanya mazoezi ya masikitiko mbele ya kioo. Yananikaa vizuri.

Ijumaa, 7 Machi

Simu zimeanza! Nimemwona kupitia dirishani. Fundi kasimama juu ya stuli, kichwa nyuma ya friji la mtu, simu ikalia. Akashuka. Akapokea. Akapanda. Ikalia. Akashuka. Mara tano! Nimecheka mpaka mke wangu akaniuliza kama nimekabwa na kitu.

Ila kuna jambo silipendi. Anapokea zote. Na anawaita "kaka".

Jumamosi, 8 Machi

Gari limekuja.

Fundi kasimama barabara kuu tangu saa moja asubuhi na kitambaa chekundu, akaliongoza kinyumenyume hadi njia panda, taratibu, kama anamtoa bibi harusi ndani. Kufika saa nne, rundo hakuna. Mshona nguo kafungua dirisha lake, akavuta pumzi, akalia. Mke wangu kampelekea Fundi maji kwenye glasi ya wageni. Ya wageni! Mimi mwenye nyumba nanywea kikombe kilichovunjika mkono. Roho iliniuma, sifichi.

Sikuvumilia. Nikapanda juu ya ngazi za duka, nikatangaza kwamba fomu aliipeleka katibu, na katibu ni mimi. Mwalimu akauliza mbona basi walikuwa wanampigia Fundi. Nikajibu kwamba nilimwamini kwa moyo wote. Jamani, wakaanza kunitazama vizuri! Mshona nguo alikuwa tayari kainua viganja vya kupiga makofi.

Ndipo dereva akadakia, ambaye hakuna aliyemuuliza. Alisema mtaa huu umewatesa kuliko yote. Miaka sita wanafika barabara kuu, hawajui pa kuingilia, wanapiga namba waliyopewa, haipokelewi, wanageuza. Mwalimu akashangaa, akamwomba aipige hiyo namba sasa hivi tumjue huyo mtu. Dereva akapiga.

Suruali yangu ikaanza kuimba.

Sikupokea. Nilisimama pale juu nikitazama mawingu, kama suruali si yangu. Ikaimba mpaka ikamaliza. Dereva akapiga tena, ili kuhakikisha.

Jumapili, 9 Machi

Uchaguzi umefanyika. Kura za siri, karatasi zilizokunjwa, zikahesabiwa mezani mbele ya wote. Fundi Friji ishirini na tisa. Mimi mbili.

Moja nilijipigia mwenyewe, hilo halina aibu. Ya pili nikajua papo hapo ni ya mke wangu. Nikamsamehe glasi. Nikamsamehe na sauti ya upole. Miaka kumi na tisa ya ndoa si mchezo, mtaa mzima umenigeuka na yeye bado yupo. Njiani nikamshika mkono, nikamshukuru, na sauti yangu ilitetemeka kwelikweli.

Akasimama. Akasema ananipenda sana, tena hata leo, lakini kura kampa Fundi. Mume ni mume na taka ni taka.

Njia nzima iliyobaki nilikuwa nahesabu vichwa vya majirani. Basi ni nani?

Jumatatu, 10 Machi

Fundi Friji kaja asubuhi kabla sijanawa uso. Kaniomba nibaki katibu. Alisema yeye kalamu imemshinda tangu shule, na kwamba pasingekuwa na mimi mtaa usingekuwa na kumbukumbu ya lolote. Nikamwacha asimame mlangoni. Akaanza kuondoka, akarudi, akatazama viatu vyake. Akasema kura ile ya pili ni yake. Kujipigia mwenyewe aliona haya, na tena aliona si vizuri mtu aliyehangaikia mtaa miaka sita arudi nyumbani na kura moja.

Nilimkagua usoni. Hatanii. Naandika ukweli. Nilitaka kumwambia yote, namba niliyoiandika na vicheko vya dirishani. Nikafungua mdomo. Nikasema nitalifikiria.

Sasa nimekaa na daftari hili saa nzima, nimelifikiria, na nimeona mwanga. Mtu huyu hajui uchaguzi! Anampigia mpinzani wake! Uchaguzi ujao nikimbembeleza kidogo, kura yake ninayo, na yangu ninayo. Hizo ni mbili za uhakika kabla hata kampeni haijaanza.

Bado kumi na nne tu nishinde. Nimeanza kuandika orodha ya majina, na mke wangu nimemweka wa mwisho.