Beji Thelathini na Moja Mbele ya Ndama wa Bonga

Leo nimeaibika, ndugu zangu. Nimeaibika mpaka sasa hivi nimejifungia chumbani, pazia nimeshusha, na Mama Neema akiniita kula namwambia sina njaa. (Nina njaa.)

Wengi mnaujua ugonjwa wangu. Wenzangu wanapenda mpira, mimi nakusanya beji za zamani za skauti. Vile vitambaa vidogo vya duara vya kushona kwenye shati: Huduma ya Kwanza, Mpishi, Zimamoto, Mafundo. Ninazo thelathini na moja. Nyingine nimezitoa kwenye marobota ya mitumba, nyingine nimezibembeleza kwa wazee. Na siyo beji tu. Nakusanya pia masharti yake, yaani mtoto alitakiwa afanye nini ndipo apewe. Nimeyanakili yote kwenye daftari na kuyakariri. Nitajie beji yoyote, masharti yake nakumwagia bila kusita.

Skauti mwenyewe sijawahi kuwa. (Shuleni nilikuwa kwaya. Kulala nje naogopa.)

Sasa ilibaki beji moja tu: Mfugaji. Miaka sita naitafuta! Juzi nikasikia ipo kijijini Bonga kwa Mama Gaudensia, mwalimu mstaafu aliyekuwa mlezi wa skauti. Nikampigia simu. Akasema, "Hii simpi mtu wa kuja kuiweka kabatini. Nitampa skauti." Mdomo wangu, bila kuniomba ruhusa, ukajibu: "Mama, mimi ni skauti tangu utotoni."

Ningeishia hapo ungekuwa uongo mdogo. Mimi nikaushonea na nguo. Leo asubuhi nimevaa shati la kaki, skafu shingoni, beji zote thelathini na moja kifuani na mikononi. Mama Neema akanitazama kuanzia kichwani mpaka viatuni.

"Baba Neema, unakwenda wapi umevaa hivyo?"

"Nina shughuli Bonga."

"Haya. Ila ukipita hapa Maisaka usiseme unatoka nyumba hii."

Nikapanda bodaboda. Mama Gaudensia nikamkuta uani, amevaa gambuti, mkono wa kulia ameshika kamba ya ndama dume. Nikainama kwa adabu zote. "Shikamoo mama." Akaitikia, "Marahaba," akaninyooshea mkono wa kushoto.

Wa kushoto! Mimi nimelelewa na bibi aliyekuwa ananichapa nikipokea hata kipande cha muwa kwa kushoto. Nikaukwepa ule mkono, nikaudaka wa kulia pamoja na kamba yake, nikautikisa kwa mikono yangu yote miwili. Mama akaniangalia tu. Ndipo nikakumbuka. Skauti husalimiana kwa mkono wa kushoto. Ipo ukurasa wa kwanza wa daftari langu!

Akaanza kuzikagua beji moja moja, kidole kikasimama kwenye ya Mafundo. "Hii masharti yake ni yapi?"

Hapo nikachangamka. "Afunge mafundo saba bila kutazama, aeleze kazi ya kila fundo, na amfunge mnyama kwa fundo lisilomkaba." Neno kwa neno, jamani.

"Vizuri sana," akasema. "Bwana mifugo yule anaingia kumchoma huyu sindano. Mfunge pale kwenye nguzo."

Kweli, bwana mifugo akaingia na begi lake. Dereva wa bodaboda naye hakuondoka (alikuwa na kazi gani tena pale, sijui). Nikapokea kamba. Nikapitisha juu, nikapitisha chini, nikazungusha. Ncha iliyobaki ilikuwa ndefu, nikajizungushia mkononi isinisumbue. Nikavuta kwa nguvu kama mtu anayejua.

"Tayari mama!"

Bwana mifugo akatoa sindano. Ndama akaiona.

Fundo la kwenye nguzo likafunguka lenyewe. La mkononi mwangu, ambalo hata sikulifunga, likakaza. Ndama akaondoka, nami nikaondoka. Tukapita kwenye samadi. Tukapita kwenye maharage ya jirani. Tukatokea barabara ya Dodoma, yeye kwa miguu minne, mimi kwa tumbo, skafu mdomoni. Basi likasimama kutupisha!

"Jamani, skauti anamwokoa ndama!" abiria mmoja akapiga kelele.

"Wewe, hebu angalia vizuri nani yuko mbele," akajibiwa.

Mama Gaudensia akaja taratibu, wala hakukimbia. Akamwonyesha ndama kiganja chenye chumvi, ndama akatulia analamba. Kisha akalifungua lile fundo la mkononi kwa vidole viwili.

"Hii beji ulipewa na nani?"

"Niliinunua mama." Sauti ilitoka ndogo.

"Na hizi nyingine?"

Nikainamisha kichwa. Akanirudisha uani, akanipa kigoda na wembe. "Zifumue." Nikafumua zote thelathini na moja, nimejaa samadi, bwana mifugo anatazama, dereva anahesabu kwa sauti.

Ile ya Mafundo mama akaichukua, akaigeuza. Nyuma kulikuwa na jina limeandikwa kwa wino, limefifia. Miaka minne ninayo, sijawahi kuigeuza.

"Huyu nilimfundisha mimi," akasema. "Alishindwa mara tatu. Mara ya nne alipoipata, alilia."

Kuburutwa mbele ya basi zima hakukuniuma kama maneno hayo. Mtoto wa watu aliitolea jasho, mimi nimeivaa kama pambo. Niliona aibu, ile ya kweli, inayokufanya uangalie vidole vya miguu yako.

Nikasimama niage. Beji ya Mfugaji sikuthubutu hata kuiulizia. Akaiulizia yeye.

"Masharti ya Mfugaji unayajua?"

"Amtunze mnyama mmoja kwa miezi mitatu," nikaanza. "Amlishe, amnyweshe, asafishe banda kila..." Nilishaona ninakopelekwa.

"Malizia."

"Kila asubuhi, mama."

"Banda lile pale. Saa kumi na mbili usichelewe."

Nina miaka arobaini na moja, ndugu zangu, na kesho naanza kuzoa samadi Bonga. Atakayekuja kunicheka aje, ila ajue machepe yapo mawili.