Ukuta wa Bwalo, Mkono wa Tatu

Jumatatu, 4 Agosti
Tumefika. Safari yangu ya nne ya kujitolea kwenye makao haya ya watoto, nchi ya watu. Shemeji, kaka wa mke wangu, hii ni mara yake ya pili tu, lakini tayari anaitwa "daktari wetu". Anang'oa meno tu! Mchungaji ametangaza kwamba atakayesifiwa na mama mlezi ndiye atakayeongoza msafara mwakani. Kiongozi hukaa kiti cha mbele na kushika kipaza sauti. Kiti hicho ni changu. Nitapaka rangi ukuta wa bwalo, kama kila mwaka. Mama mlezi kaniuliza tena kazi yangu. Nikamjibu, nashughulika na mavazi. Fundi cherehani akiwa ugenini hasemi zaidi ya hapo.

Jumanne, 5 Agosti
Mungu wangu! Mwaka jana niliuacha ukuta wa buluu. Leo ni wa manjano! Nimekwangua kwa kisu: chini ya manjano kuna kijani, chini ya kijani waridi, ndipo buluu yangu. Mpishi, bila hata kuacha kumenya viazi, akasema kila kundi la wageni huupaka ukuta huo. Wageni wanapenda kupaka, akasema, na mama mlezi hapendi kuwaudhi. Nikakaa chini. Miaka mitatu! Halafu nikasimama. Yangu basi itakuwa nene kuliko zote. Mikono mitatu ya rangi, mmoja juu ya mwingine, buluu ileile.
Na yule binti mdogo anayeniita baba, nimemsikia akimwita dereva baba. Dereva!

Jumatano, 6 Agosti
Kwa shemeji, foleni ya watoto mpaka getini. Kwangu, kuku mmoja. Nikatoa pipi: anayepiga picha na ukuta wangu anapata mbili. Walikuja mbio! Nikawapanga thelathini na wawili, sare za shule, migongo ukutani, wabanane. Picha safi ajabu. Wakaanza kuondoka. Ile sauti ya kubanduka sitaisahau. Migongo yote buluu, mkono wa tatu ulikuwa haujakauka! Kila mmoja ana sare moja tu, na kesho kutwa wana mtihani. Asiye na sare haingii. Jioni watoto sita wakaenda kwa shemeji, meno yanawauma. Pipi zangu hizo!

Alhamisi, 7 Agosti
Mama mlezi hakunifokea. Afadhali angenifokea. Alisema tu kwamba kitambaa kipo stoo tangu mwaka juzi, cherehani ipo, mshonaji ndiye hakuna. Akauliza mbele ya wote kama kuna anayejua kushona. Nikatazama dari. Sikuvuka mipaka miwili nije kukanyaga cherehani! Shemeji akasema kweupe kwamba nina duka la ushonaji, na suti yake ya harusi niliishona mimi. Kikulacho ki nguoni mwako. Tangu alfajiri hadi magharibi nimebadilisha migongo thelathini na miwili, mpishi akikata kitambaa. Watoto walinizunguka kutwa nzima, kwa shemeji hakwenda hata mmoja. Binti mdogo kasinzia miguuni pangu, juu ya vipande vya vitambaa. Na hakuna aliyenipiga picha. Siku imepotea bure.

Jumapili, 17 Agosti
Nyumbani. Sijui nilie au nicheke! Mchungaji kasoma barua ya mama mlezi mbele ya kanisa zima. Watoto wote walifanya mtihani. Hajapata kumwona mgeni wa faida kama fundi cherehani. Anaomba huyo ndiye aongoze mwakani, aje na cherehani mbili, na rangi, tafadhali, isiletwe tena. Makofi! Shemeji kanikumbatia huku machozi yanamtoka. Wivu huo.
Kiti cha mbele ni changu! Nilijua tu mkono wa tatu ungewagusa. Nimeshaagiza madumu sita ya rangi ya kijani, mizigo imejaa. Mke wangu kauliza cherehani zitakaa wapi. Nimebaki kumshangaa. Kiongozi akishona, rangi atapaka nani?