Vioo Vitatu vya Kumziba Shemeji Mdomo

Jumatatu, 3 Juni
Baridi kali! Madirisha yetu yanapitisha upepo mpaka pazia linacheza lenyewe. Mama mkwe anakuja Jumamosi kukaa msimu mzima wa baridi, ila ametoa sharti: atalala penye joto. Ni kwetu, au ng'ambo ya barabara kwa shemeji, mwanawe wa kiume, aliyeweka madirisha ya vioo viwili na tangu hapo hana hadithi nyingine. Mke wangu amemkumbuka mama yake mno. Ameshapiga pasi mashuka yake mara mbili. Sishindwi!

Jumanne, 4 Juni
Dukani. Mwenye duka akanieleza kwamba hewa iliyofungiwa kati ya vioo ndiyo inayozuia joto lisitoroke, na kwamba fremu ya alumini hupitisha baridi, afadhali ya plastiki. Nikaitikia kama mtaalamu. Akasema nyumba yangu vioo viwili vinaitosha kabisa. Nikauliza kama kuna madirisha ya vioo vitatu. Yapo! Akataka kumtuma fundi aje kupima. Nikamwambia asijisumbue, nyumba yangu naijua.

Jumatano, 5 Juni
Mke wangu ni fundi cherehani. Alipotoka, nikachukua utepe wake, nikapima, nikakimbiza vipimo dukani. Wakaahidi Ijumaa. Njiani nikampungia shemeji mkono kwa madaha. Akauliza kulikoni. Nikamwambia atajionea. Raha tupu!

Ijumaa, 7 Juni
Yamefika! Mazuri ajabu! Hayaingii. Hata moja.
Fundi akapima ukuta, akanitazama, akaomba kuuona utepe. Mke wangu akaeleza, kwa upole wa kutisha, kwamba utepe ule ulikatika zamani, unaanzia sentimita ya kumi, na yeye hutoa kumi kila anapompima mteja. Mimi ningejuaje? Sijawahi kushonewa hata shati! Fundi akashauri yarudi karakana, yakatwe upya Jumatatu. Jumatatu! Na mama mkwe ni kesho! Nikaazima nyundo. Dirisha likiwa kubwa, si tunapanua tundu tu?

Jumamosi, 8 Juni
Ukuta wa sebule ulikubali upesi kuliko nilivyotarajia. Ulikubali wote.
Mama mkwe akafika na begi lake, akaniona nimesimama sebuleni naye bado yuko barabarani. Akasema hataki kusumbua watu, akavuka. Mke wangu akakusanya yale mashuka, akamfuata. Hakunigombeza. Hilo liliniuma kweli.

Jumapili, 9 Juni
Sote tuko kwa shemeji. Mke wangu na mama yake wamejifunika blanketi moja, wanacheka tangu asubuhi. Nikafurahi mpaka nikasahau kununa. Nikaapa moyoni kutulia.
Kisha shemeji akaanza tena habari za vioo viwili. Nikatazama juu. Joto si hupanda, jamani? Basi lote linapotelea kwenye paa, na paa lenyewe hajaligusa! Sijamwambia mtu. Kesho akishaondoka kwenda kazini, nitabandua mabati mawili matatu tu, niangalie.